Familia ya Ukurasa wa Tatu

Msiniulize nchi ya Mraba iko wapi. Mkitembea mkakuta watu wamesimama wanne wanne mbele ya nyumba zao, wamenyoosha migongo utadhani wanapigwa picha, jueni mmefika. Karibuni sana. Ila njooni na paka wenu, maana huku kwetu wameadimika, na sababu nitaieleza mbele.

Mimi ni raia wa Mraba, tena raia mwema. Sijawahi kunung'unika isipokuwa moyoni, na huko moyoni nako nanung'unika kwa adabu. Nimesikia majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wanatusema kwamba tuna serikali katili, na hilo limeniuma. Serikali yetu inapenda familia kuliko serikali yoyote chini ya jua. Inaipenda moja hasa, ile ya ukurasa wa tatu, na sisi tuliobaki tunajitahidi kufanana nayo.

Chanzo cha yote ni Mwalimu Tumsifu, aliyekuwa akifundisha darasa la pili katika shule ya mtaani kwetu. Mwanamke mpole, vidole vimejaa rangi siku zote. Aliona watoto wake wanasinzia wakisoma, akawachorea kitabu cha picha kwa mkono wake mwenyewe, kwa penseli za rangi, nakala baada ya nakala, akakiita Kwetu Tuko Hivi. Kila ukurasa ulikuwa na nyumba yake. Ukurasa mmoja baba anamsuka binti yake kwa kuwa mama alifariki, na mistari yote imekwenda kombo, na mtoto anacheka. Mwingine una wake wenza wawili kibarazani wanachambua mchele kwenye ungo mmoja, huku mume kajificha nyuma ya mlango. Kulikuwa na mtoto mwenye mama mkubwa na mama mdogo, asiyejua yupi kati yao alimzaa, wala hana haraka ya kujua. Kulikuwa na watoto wa kituo cha yatima na mashuka yao kwenye kamba. Na kulikuwa na bibi na mjukuu wake wanakula muhogo kwenye sahani moja.

Watoto wakakipenda, na hapo ndipo kosa lilipotendeka. Walikisoma kwa sauti mpaka wazazi wakasikia, wazazi wakacheka mpaka diwani akasikia, na diwani hakucheka.

Waziri wa Malezi, Mienendo na Picha, Mheshimiwa Sifuni Mbogoma, alikileta bungeni amekibana kwa koleo la jikoni.

"Waheshimiwa!" alisema. "Nimekaa, nimehesabu. Kitabu hiki kina familia kumi na mbili. Nchi hii ina familia moja. Naomba mwalimu huyu atueleze, hizi kumi na moja kazitoa wapi? Zimepita mpaka upi? Zimelipiwa ushuru?"

Wabunge wakapiga meza.

"Leo mtoto ataona picha ya bibi. Kesho atataka bibi. Keshokutwa atataka na muhogo! Serikali itautoa wapi?"

Wabunge wakapiga meza mpaka moja ikavunjika mguu, ikapewa pensheni.

Sasa tazameni upole wa serikali yetu. Mwalimu Tumsifu hakufungwa. Alipewa kifutio. Alikalishwa katika chumba kimoja pale Wizarani na nakala zake zote, afute mtu mmoja mmoja, mpaka kila ukurasa ubaki na baba, mama, mvulana na msichana. Alianza na yatima kwa sababu ni wengi. Wanaopita dirishani wanasema bado anafuta, na kwamba hasemi tena na mtu, na vumbi la kifutio limemjaa kichwani hadi anaonekana ajuza. Anapewa chai mara mbili kwa siku.

*

Wizara ikatoa kitabu chake. Kinaitwa Familia, basi, na kina kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza una picha ya Waziri. Wa pili una picha ya Waziri akiutazama ukurasa wa tatu. Wa tatu una familia yenyewe, na maneno yake hata mlevi wa Mraba anayajua kwa moyo: Baba amekaa, anasoma gazeti. Mama amesimama, anapakua chakula. Kaka ameshika mpira. Dada ameshika ufagio. Paka amelala mlangoni.

Sheria iliyofuata ilikuwa fupi: ifikapo mavuno, kila nyumba ifanane na ukurasa wa tatu.

Tukahangaika, lakini kwa furaha. Nyumba zisizo na baba ziliazima baba. Mtaani kwetu kulikuwa na mseja mmoja tu mwenye heshima zake, fundi saa aitwaye Halfani, naye akawa baba wa takriban mtaa mzima. Siku ya ukaguzi ungemwona anakatiza nyuani gazeti kwapani, anakaa kitini hapa, anakohoa kibaba, mkaguzi akitoka kwa mlango wa mbele yeye anaruka ukuta wa nyuma kwenda kuwa baba wa jirani. Alivunjika kifundo cha mguu akiwa kazini, na nyumba nyingi zikafiwa na baba siku moja.

Watoto waliozidi walikuwa tabu kidogo. Ukurasa una wawili, sasa mwenye watatu afanyeje? Tuliambiwa wa tatu asimame nje mpaka ukaguzi upite. Lakini kwa kuwa mkaguzi alimkuta nje, alimwandika kuwa ni mtoto wa nje, na mtoto wa nje, kama mjuavyo, hana chake ndani. Wangu mimi anaitwa Shukurani. Anaendelea vizuri huko nje, asanteni kwa kuuliza. Mvua ikinyesha tunamsogezea turubai.

Paka ndio waliotutoa jasho. Waliisha siku ya pili. Walioazimwa hawakurudishwa, wa kurudishwa waliibwa njiani. Jirani mmoja, Mzee Kizito, alikata tamaa akamlaza mbuzi wake mlangoni. Mkaguzi alimzunguka yule mbuzi muda mrefu, kisha akapeleka suala Wizarani, na Wizara ikatoa mwongozo uliosomwa redioni asubuhi na jioni: "Paka ni yeyote alalaye mlangoni, alaye mabaki, na asiyedai kitu. Umbo halijalishi." Mbuzi akapita. Alipewa onyo moja tu, kuhusu sauti, na wiki nzima tukamsikia Mzee Kizito uani anamfundisha kusema nyau.

*

Jirani yangu ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Mwantumu, muuza vitumbua. Aliishi na mjukuu wake, Sikudhani, msichana wa miaka saba. Mama yake Sikudhani, binti pekee wa Bi Mwantumu, alifariki akimzaa, na baba yake alikwenda kutafuta jeneza, akapitiliza mpaka leo. Aliyemlea pamoja na bibi yake ni Mzee Mfaume, mume wa Bi Mwantumu, naye alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia.

Enzi za uhai wake Mzee Mfaume alimwita mjukuu wake "mke wangu mdogo", kama mababu wote wa Mraba walivyowaita wajukuu zao wa kike kabla hawajafutwa. Akirudi jioni na kashata mfukoni, anampa mke mdogo. Bi Mwantumu naye anajifanya amekasirika. "Mwenzangu kaletewa kashata, mimi naletewa shati la kufua! Haya, mke mwenzangu, kula, kesho utaachika." Mtoto anacheka mpaka kashata inamtoka puani. Mzee alipokufa, utani huo ndio uliobaki kwenye nyumba ile. Asubuhi nilikuwa nasikia kupitia ukutani: "Mke mwenzangu, amka, shule itakuacha." Au: "Mke mwenzangu, umenimalizia sukari." Wajane wawili wa mtu mmoja, wakifarijiana kwa mzaha. Nasema kweli, nilipenda kuwasikia.

Na yule mtoto alipenda shule kwa namna isiyo ya kawaida. Kitabu cha Mwalimu Tumsifu alikuwa amekihifadhi chote kichwani, na huko kifutio kilikuwa hakijafika.

Ukaguzi ulipofikia mlango wao, alikuja Afisa Familia mwenyewe, Bwana Pantaleo. Kijana nadhifu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alilelewa katika Chuo cha Familia tangu akinyonya, kwa chupa, na hajui neno lolote la undugu ambalo halimo kwenye ukurasa wa tatu. Ukimtajia shemeji anadhani ni samaki.

"Baba yuko wapi?" aliuliza.

"Baba wa nani, mwanangu?"

"Mimi si mwanao. Mimi ni Afisa. Baba wa humu."

"Humu hamna baba. Wa kuazima amevunjika mguu. Kaa basi, kitumbua hiki cha moto."

"Mama ni yupi?"

Bi Mwantumu akafikiri. "Mama yake huyu ni marehemu. Mama yangu mimi naye ni marehemu. Hapo chagua."

"Kaka?"

"Hayupo."

"Paka?"

"Alikuwapo. Kachukuliwa na watu wa kule kwenye kona, nao wanasema kaibwa."

Afisa Pantaleo akafuta jasho. Akamnyooshea kidole Sikudhani, aliyekuwa amesimama na sare yake ya shule. "Huyu ni nani wako?"

Bi Mwantumu alikuwa amechoka na maswali, na mtu wetu akichoka hukimbilia utani. "Huyu? Mke mwenzangu huyu! Muulize mwenyewe."

Afisa akainama. "Ni kweli wewe ni mke mwenza wa huyu mama?"

"Ndiyo," akajibu Sikudhani kwa fahari. "Na mimi ndiye niliyependwa zaidi."

Bi Mwantumu akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi huku upande wa pili wa ukuta nikacheka, mke wangu akacheka, hata Shukurani huko nje alicheka. Afisa hakucheka.

"Mume wenu yuko wapi?"

"Alikufa," akasema Sikudhani, na sasa sauti ilikuwa ndogo. "Alikuwa ananiletea kashata."

"Poleni kwa msiba," akasema Afisa Pantaleo. Akafunga kalamu yake akaondoka, na kitumbua hakukigusa.

*

Waliitwa Wizarani kwa kipaza sauti cha gari, mtaa mzima ukisikia: "Wajane wawili wa marehemu Mfaume, mnatakiwa Ukumbi wa Malezi!" Tuliwasindikiza. Ukumbi ulijaa, na Waziri Mbogoma alikuwa mezani, na ukurasa wa tatu umetundikwa nyuma yake kwa ukubwa wa ukuta.

"Mjane Sikudhani asimame," akasema.

"Amesimama, Mheshimiwa," akajibu karani. "Ni mfupi tu."

Bi Mwantumu akapiga magoti. "Mheshimiwa, shikamoo. Mimi ni mtu mzima na sijui sheria, lakini ule ulikuwa utani. Mtu na mjukuu wake wanataniana. Hata wewe, baba yangu, ulikuwa na bibi."

"Ni kweli," akasema Waziri, na uso ukamlainika ghafla. "Bibi yangu mimi alikuwa akiniita mume wangu, ananifichia ukoko chini ya—"

Katibu wake akakohoa. Waziri akanywa maji.

"Alifutwa," akasema.

Kisha akakifungua kitabu na kumwonyesha Bi Mwantumu ukurasa mmoja baada ya mwingine, kwa subira kubwa, kama mtu anayemwonyesha mgonjwa kwamba dawa hakuna. "Neno bibi, unaliona? Halimo. Mjukuu? Halimo. Utani? Mama, tafuta mwenyewe, nakupa muda."

"Silioni, Mheshimiwa. Sijui kusoma. Huyu ndiye anayenisomea."

"Basi sikiliza. Serikali yako ni sikivu, inakupa uchague. Kama ulilomwambia Afisa ni kweli, huyu ni mke mwenzako, na mke ni mtu mzima, na mumewe akifa ni mjane. Wajane hawamo kitabuni, kwa hiyo hawakaguliwi. Mtarudi nyumbani kwenu mkaendelee na ujane wenu. Lakini kama ulikuwa unatania, basi ulimdanganya Afisa, na huyu ni mtoto. Mwongo halei mtoto katika nchi hii. Mtoto atapelekwa kwenye nyumba iliyopungukiwa."

Bi Mwantumu alimtazama Sikudhani, na Sikudhani alimshika upindo wa kanga akauzungusha mkononi mara mbili ili asiachane nao.

"Ni kweli," akasema Bi Mwantumu. "Ni mke mwenzangu."

Tulipiga makofi. Tuliona ameshinda. Tulirudi mtaani tukiimba, na mimi niliimba kwa sauti kuliko wengine.

*

Kesho yake Sikudhani alikwenda shule akakuta bango getini: Wajane hawasomi darasa la pili. Alipewa kaniki ya mtu mzima, akaiburura vumbini, akawekwa eda ndani, mlango umefungwa, kwa ajili ya babu yake. Alipotolewa eda alikabidhiwa jembe, maana siku za kazi za taifa kila mtu mzima huchimba mtaro, na mpini ulimzidi kimo. Jumamosi alikaa kwenye mkutano wa Umoja wa Wajane, miguu inaning'inia bila kugusa sakafu, akisikiliza hoja kuhusu maumivu ya viuno.

Watoto wenzake walikatazwa kucheza naye. Mtu mzima hachezi rede na watoto, itakuwa utovu wa nidhamu. Badala yake waliamriwa wamsalimie inavyopasa, na wakawa wakimkuta njiani wanasimama mstari, wale aliokuwa akikaa nao dawati moja, wanasema kwa pamoja: "Shikamoo!"

"Marahaba," alijibu.

Siku ya kwanza alifurahi, akawapitia mara tatu ili wamwamkie tena. Siku ya pili alijibu anatazama chini. Siku ya tatu rafiki yake mkubwa, mtoto wa Mzee Kizito, alimwamkia huku akilia, naye akajibu marahaba huku akilia, kila mmoja akashika njia yake. Wazazi tuliona ni adabu nzuri.

Akawa anakwenda kusimama dirishani mwa darasa lake, kaniki kichwani, anasoma ubaoni kwa midomo bila sauti. Mwalimu mpya alimfukuza kwa heshima zote. "Mama, tafadhali, unawasumbua watoto."

Jioni moja tulikuwa tumekaa uani, sisi kwetu na wao kwao, nikamsikia kupitia ukutani.

"Bibi, nikikua nataka niwe— Kumbe nimeshakua."

Asubuhi yake sikusikia "mke mwenzangu" wala nini. Nilisikia mlango, nikamwona Bi Mwantumu anashika njia ya Wizarani, hakubeba hata sinia la vitumbua. Nilijua anakokwenda na roho iliniuma, lakini sikumzuia, kwa kuwa raia mwema hamzuii mtu kwenda Wizarani.

"Nilidanganya," alimwambia karani. "Ni mtoto. Ni mjukuu wangu. Mrudisheni shule."

"Mtoto inatosha, mama. Hilo lingine hatuna pa kuliandika."

"Huko mnakompeleka, atasoma?"

"Atakuwa Dada wa ukurasa wa tatu," akasema karani. "Kila kitu kinachomhusu Dada kimeonyeshwa kwenye picha."

Bi Mwantumu akashukuru. Alidhani dada ni dada, ndugu wa mtu, anayegombana na kaka yake kisha wanakwenda shule pamoja. Ufagio ule wa kwenye picha aliudhani ni wa kufagia ua kabla ya shule, na karani, kwa kuwa hakuulizwa, hakusema.

*

Nyumba iliyopungukiwa ilikuwa ya Waziri Mbogoma mwenyewe. Baba alikuwapo, yaani yeye. Mama alikuwapo, akiwa hayuko saluni. Kaka alikuwapo, jibaba la miaka thelathini lenye mpira na kitambi. Dada wao wa mwisho alikuwa ametoroka na mabasi ya alfajiri, na kabla yake walitoroka wengine. Nanyi hamhitaji kuambiwa dada ni nani katika nyumba za wakubwa. Dada ndiye anayeamka wa kwanza na kula wa mwisho, na akiitwa "Dada!" kutoka chumba chochote, anakuja mbio.

Walimpiga picha siku aliyofika, ikatoka kwenye kila gazeti. Waziri kitini, Mama na upawa, Kaka na mpira, na Sikudhani ameshika ufagio, anatabasamu kwa sababu mpiga picha alimwambia kesho ni shule. Picha ilipokwisha Waziri aliliweka gazeti, Mama aliuweka upawa, Kaka aliutupa mpira. Ufagio hakuna aliyeupokea.

"Na shule?" aliuliza Sikudhani.

Wakamwonyesha ukurasa wa tatu. Hakuna daftari pale. Yeye anayejua kusoma kuliko wote humo ndani aliutazama muda mrefu, akitafuta, kisha akaanza na sebule.

Bi Mwantumu aliyajua hayo kutoka kwa muuza maziwa. Hakulia mbele yetu. Alivaa kanga zake safi akaenda hadi kwenye geti la Waziri, na mimi nikamfuata kwa mbali, kwa kuwa nami nilikuwa na ombi langu dogo la kibali cha turubai jipya.

"Wewe ni nani wa humu?" askari wa getini alimuuliza.

"Mimi ni bibi yake huyo mtoto mliyemleta."

"Bibi hatuna."

"Mimi ndiye mama wa mama yake."

"Mama yupo. Kaenda saluni."

"Baba, nimemlea mimi. Niache nimwone tu, nitasimama hapa hapa."

Askari alikuwa mtu mwema, ana mama kijijini, lakini getini pamebandikwa ukurasa wa tatu na amri ni kwamba asiyekuwamo pale haingii. "Bi mkubwa," akasema, na alisema kwa huruma, "humo kuna watu wanne na paka. Nikuweke wapi?"

Wakati huo huo Afisa Pantaleo alikuwa anatoka ndani, uso umemsawijika. Yule kijana ni mkweli, nawaambia, alimkagua hadi bosi wake. Alikuta Baba, Mama atarudi, Kaka, Dada. Paka hakuna. Paka wa Waziri alikuwa ameibwa, huenda na mbunge. Waziri alimfuata nyuma akimsihi ampe mpaka jioni, maana ni aibu gani hii, Wizara yenyewe kukosa paka.

Bi Mwantumu aliwasikia. Akautazama ukurasa getini. Hajui kusoma, lakini mwongozo ule wa redioni tuliusikia wote asubuhi na jioni, na masikio yake hayana kasoro.

"Alalaye mlangoni," akasema. "Alaye mabaki. Asiyedai kitu."

"Umbo halijalishi," akamalizia Afisa Pantaleo, kwa mazoea. Kisha akamtazama yule mama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, kama alivyomtazama yule mbuzi. "Unadai kitu?"

"Sidai kitu, mwanangu."

Safari hii hakumkatalia neno hilo. Akaandika. Waziri akashusha pumzi, na askari akafungua geti, uso kaugeuzia upande mwingine.

Mimi nilikaa kwenye benchi la waombaji mpaka mchana, na kutoka hapo mlango wa jikoni unaonekana vizuri. Nilimwona Sikudhani anatoka na sahani ya ukoko na vichwa vya dagaa vilivyobakizwa na Kaka. Alikuwa amejifunga kanga ya mtu mzima na mikono imebabuka kwa sabuni. Aliiweka sahani sakafuni, mlangoni, alipokuwa amekaa bibi yake, naye akachuchumaa karibu, magoti yamegusana. Walitazamana. Nilidhani watalia. Badala yake mtoto akaangaza huku na huku, akasema polepole:

"Kula, mke mwenzangu. Kesho utaachika."

Bi Mwantumu aliinua mkono ili amfute masizi shavuni. Hapo Afisa Pantaleo akatokea kwenye kona ya nyumba, kalamu mkononi, anakuja kuthibitisha. Bi Mwantumu akaiona ile kalamu. Akaurudisha mkono, akajilaza sakafuni, akajikunja kwenye kizingiti.

"Nyau," akasema.